Nifumue injini ya Noah yangu au nitafute ya mtumba?

Shikamoo mzee,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Kihonda hapa Morogoro. Nina Toyota Noah ile ya zamani, SR40, ya petroli, injini 3S, giya za otomatiki. Niliinunua mwaka 2014 ikitokea Japani na sasa dashibodi inasoma kilomita 287,000. Asubuhi na jioni inabeba watoto wa shule, anayeendesha ni mdogo wangu wa kiume. Mwisho wa wiki ikipata kazi ya harusi au msiba inakodiwa. Mshahara wa ualimu unaujua mwenyewe, mzee. Gari hili ndilo linalolipa ada za wanangu wawili.

Tangu mwishoni mwa mwaka jana linakula oili. Mwanzoni tulikuwa tunaongeza kidogo kidogo, sasa lita nzima inakwenda kwa wiki, na chini ya gari hakuna tone linalodondoka. Asubuhi likiwashwa linatoa moshi wa bluu, unapungua, halafu ukikanyaga mafuta kutoka pale Msamvu unarudi. Mwezi wa pili tulikwenda Iringa kwenye msiba. Kupanda Kitonga lilikuwa linajivuta nyuma ya malori na kushindwa kuyapita. Wakati wa kurudi tulishuka kwa giya ndogo, na kila mdogo wangu alipogusa mafuta nyuma yetu palikuwa na wingu. Halijawahi kuchemsha na maji ya rejeta hayapungui.

Fundi wetu alipima kompresheni akaniandikia: silinda ya kwanza 150, ya pili 145, ya tatu 105, ya nne 148. Akasema injini imekwisha, tuifumue. Ringi mpya, metali mpya na gasketi, kazi na vifaa vyote 1,250,000, na gari ndani ya siku tatu linarudi barabarani.

Shemeji yangu aliyeko Dar es Salaam hataki kusikia habari hiyo. Anasema injini ikishaguswa na fundi wa mtaani hairudi kuwa kama ilivyotoka kiwandani. Amepata injini ya mtumba Ilala kwa 2,400,000, muuzaji anamwambia imetoka Japani na imetembea kilomita 60,000 tu. Kuisafirisha hadi huku na kuifunga ni kama 350,000 nyingine. Wenzangu wa kikoba nao wanasema niliuze kama lilivyo, ninunue bodaboda mbili.

Ninazo 1,900,000 mkononi, na saccos inaweza kunikopesha kidogo. Shule zinafungwa mwezi wa sita. Nikikosea hapa sina pesa ya kurudia. Nifuate lipi?

Mwalimu wa Kihonda

*

Marahaba mwalimu, na pole kwa msiba.

Fundi wako amekupa bei, shemeji amekupa bei, wanakikoba wamekupa njia ya kutoka. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuambia ni kitu gani kimelika ndani ya injini hiyo na kimelika kiasi gani. Ushahidi pekee tulio nao ni hizo namba nne ulizonitumia, na mimi nikizisoma sioni injini iliyokwisha.

Injini ya 3S-FE, ndiyo 3S yako, ikiwa na afya hutoa kompresheni, yaani nguvu ya kubana hewa ndani ya silinda, ya kama psi 178. Kiwango cha chini ambacho Toyota wenyewe wanakiruhusu ni 142, na tofauti kati ya silinda moja na nyingine isizidi 14. Silinda zako tatu zimechoka, lakini bado ziko juu ya kiwango hicho, ingawa kwa kupenya. Iliyoanguka ni ya tatu. Injini inayokufa kwa uzee mtupu huchoka karibu sawasawa silinda zote, kwa hiyo 105 iliyosimama peke yake kati ya 145 na 148 inatuambia kuna jambo limetokea hapo hapo. Inawezekana ringi imevunjika au imekwama kwa masizi. Inawezekana valvu haikai vizuri kwenye kiti chake. Inawezekana pia gasketi ya hedi, ile sehemu ya juu ya injini yenye valvu, imeanza kupitisha upepo upande huo. Bei za kutengeneza vitu hivyo vitatu hazifanani hata kidogo, na kimoja wapo hakihitaji kugusa bloku, yaani mwili wa injini wenye silinda, kabisa.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kupima upya, na safari hii uwepo. Injini iwe imepata moto wa kawaida. Plagi zote nne zitolewe, si moja moja. Betri iwe na nguvu, na wakati wa kupiga stata mtu akanyage pedali ya mafuta hadi mwisho ili hewa iingie. Kipimo kilichochukuliwa injini ikiwa baridi na pedali haijakanyagwa hutoa namba ndogo, na injini nzuri nyingi zimehukumiwa kwa namna hiyo. Namba zikishaandikwa, fundi amimine kijiko kimoja cha oili kwenye tundu la plagi ya silinda ya tatu, apige stata mara chache, kisha apime tena silinda hiyo. Oili ile huziba kwa muda mwanya uliopo kati ya ringi na ukuta wa silinda. Namba ikiruka kutoka 105 hadi 140 na zaidi, tatizo liko kwenye ringi au ukuta. Ikibaki pale pale, tazameni juu, kwenye valvu na gasketi. Kipimo hiki kinamalizika kabla chai haijapoa, na sijui kwa nini mafundi wetu wengi hawakifanyi.

Moshi nao una maelezo yake, na wewe umeueleza vizuri kuliko wateja wengi. Moshi wa bluu wa asubuhi unaopungua baada ya dakika chache ni oili iliyochuruzika usiku kupitia mipira ya valvu iliyokauka. Wingu la kule Kitonga ni la asili hiyo hiyo. Gari likishuka kwa giya ndogo huku umeachia mafuta, injini inavuta kwa nguvu kwenye njia ya hewa, oili inanyonywa kuzunguka shina la valvu, na ukigusa mafuta tu inaungua yote kwa pamoja. Moshi wa kukanyaga mafuta ukitoka Msamvu, ukijumlisha na kukosa nguvu mlimani, ndio unaoelekea kwenye ringi. Una vyote viwili. Dhana yangu kabla ya kuona chochote ni kwamba mipira ya valvu imekufa, ringi zimechoka, na silinda ya tatu ina jeraha lake la ziada.

Sasa nije kwenye kile fundi wako anachokiita kufumua.

Ringi mpya, metali mpya, gasketi, siku tatu, gari barabarani. Mwalimu, hiyo sitaki uilipie. Silinda iliyofanya kazi kilomita 287,000 haibaki duara. Inalika zaidi sehemu ya juu, pale ringi zinapogeukia, na inalika zaidi upande mmoja kwa sababu pistoni huegemea huko kila moto unapowaka. Ringi mpya ni duara kamili. Ukiiweka ndani ya tundu lililokuwa yai, inagusa huku na kuacha mwanya kule. Wiki za kwanza gari litaonekana limepona kwa sababu oili ni mpya, gasketi ni mpya na mipira ya valvu pengine imebadilishwa. Kabla ya Krismasi utakuwa unaongeza oili tena, na fundi atakuambia ringi ulizonunua zilikuwa feki. Shemeji yako anaposema injini iliyofumuliwa hairudi kama zamani, nadhani ameona kazi za aina hii, na kwa kazi za aina hii ana haki ya kusema.

Kufumua kwa kweli kunapita kwa mkerezaji, fundi wa mashine za kuchonga chuma. Bloku tupu inapelekwa kwenye karakana yenye mashine, na pale wanatumia geji ya kupimia silinda, si kidole wala jicho. 3S ilitoka kiwandani na kipenyo cha silinda cha milimita 86, na mwisho wa kulika unaokubalika ni milimita 86.23. Silinda zako nne zikiwa ndani ya mpaka huo na hazina mikwaruzo ya kukwaza ukucha, zinasuguliwa kwa jiwe maalumu mpaka zipate mistari ya kukatana inayoshika oili, na hapo ringi mpya za saizi ya kawaida zinatosha. Hata moja ikivuka mpaka, zote nne zinatanuliwa kwa milimita 0.50 na unanunua pistoni na ringi za saizi hiyo. Hapo utakuwa na silinda mpya kwa maana halisi ya neno. Chuma cha bloku ya 3S kinakubali kazi hii bila ubishi, na Toyota waliiandalia pistoni za 0.50 tangu mwanzo.

Krenki, shafti inayozungushwa na pistoni, nayo ipimwe. Ikiwa laini na ya duara, metali, yaani vile vikombe ambamo krenki huzungukia, za saizi ya kawaida zinaingia. Ikiwa na mikwaruzo inasagwa na kuvishwa metali za 0.25. Kubadilisha metali bila kupima krenki ni kubahatisha, na ubahatishaji huo huja kugonga kwa sauti chini ya viti njia nzima ya Dodoma. Hedi ikaguliwe kama imepinda, na ikizidi milimita 0.05 iskimiwe, yaani isawazishwe kwa mashine. Ijaribiwe kama ina ufa, valvu zisagwe zikae vizuri, mipira yote 16 ibadilishwe. Wakati yote yamefunguliwa, weka mkanda wa taimingi mpya, pampu ya maji, thermostati na sili za krenki mbele na nyuma. Vitu hivi vikinunuliwa kwa pamoja ni pesa ndogo ukilinganisha na gharama ya kurudi kufungua tena kwa sababu sili ya nyuma imeanza kuvuja. Mkanda wa 3S huhesabiwa maisha ya kilomita laki moja, na wako sijui umebadilishwa lini. Uliza.

Morogoro ni mji wa viwanda tangu zamani, kwa hiyo hautakosa mkerezaji anayejua kazi. Waulize mafundi wa malori, na uulize pia pale chuo cha VETA Kihonda, jirani zako, ni nani mjini wanayempelekea bloku. Jina litakalotajwa na watu wawili wasiofahamiana ndilo la kuanza nalo.

Injini ya Ilala sasa. Siichukii. Japani wana ukaguzi wa lazima wa magari, wa kwanza gari likifikisha miaka mitatu na baada ya hapo kila miaka miwili, na gharama zake zinafanya watu wengi waachane na magari ambayo kwetu yangeonekana bado vijana. Ndiyo maana injini za kule zilijaza maduka yetu na nyingi zilikuwa nzuri kweli. Lakini Noah ya umbo lako ilitengenezwa kuanzia 1996 hadi 2001. Injini ya mwisho kabisa ya Noah hizo sasa ina zaidi ya miaka ishirini. Magari yale yalishakatwa Japani zamani, na 3S nyingi unazoziona zimepangwa sakafuni leo, zimeoshwa kwa dizeli zinang'aa, zinaweza kuwa zimetoka kwenye gari lililopata ajali hapa hapa nchini, likiwa na kilomita kama zako au zaidi.

Na hizo kilomita 60,000 alizisoma wapi? Injini haina mita. Mita inabaki kwenye dashibodi ya gari ilimotoka. Kama muuzaji analo gari lililokatwa nusu, dashibodi na injini vikiwa bado pamoja, hapo tunaweza kuzungumza. Injini iliyolala peke yake juu ya tairi kuukuu haina ushahidi wowote wa kilomita zake, muuzaji aape anavyotaka.

Kuna jambo jingine ambalo shemeji huenda hakulifikiria. 3S iliwekwa kwenye magari mengi: Caldina, Carina, Corona, Ipsum, RAV4 za kwanza. Kwenye magari hayo injini imelazwa kukatiza mbele, inazungusha tairi za mbele. Kwenye Noah yako imelala kwa urefu, imeinama, chini ya viti, inazungusha tairi za nyuma. Ukiuziwa ya Caldina itabidi uhamishe sampu, manifoldi, miguu ya injini na pengine mfumo wa kuwasha, maana baadhi zina distribyuta na nyingine hazina. Inawezekana, mafundi wanafanya kila siku, ila hiyo 350,000 ya kufunga haitatosha. Na kuna 3S-FSE, ile ya D-4 inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Hiyo ni injini nyingine kabisa kwa mfumo wake. Ukipewa, iache hapo hapo dukani.

Kwa haya yote, mwalimu, kwako ninasema fumua. Una bloku ya chuma inayotengenezeka. Gari halijawahi kuchemsha, kwa hiyo hedi na bloku zina nafasi kubwa ya kuwa zimenyooka. Na umelimiliki tangu 2014, unajua lilivyotunzwa, kitu ambacho hakuna duka litakuuzia. Sharti langu ni moja: vipimo kwanza, na kazi ipite kwa mkerezaji. Usishangae bei ikipanda kutoka ile ya fundi ikakaribia milioni mbili, hasa ikilazimu pistoni mpya. Bado itakuwa chini ya 2,750,000 ya injini ya Ilala ikishafungwa, na ile ya Ilala ungeipeleka nyumbani na mkanda wa zamani na sili za zamani.

Kipimo kinaweza kunigeuza. Bloku ikikutwa na ufa, au silinda ya tatu ikiwa imechimbika kuliko 0.50 inavyoweza kufuta, au hedi ikifunguliwa na juu ya pistoni pakutwa pameandikwa 0.50, maana yake mtu alishaitanua kabla haijafika kwako, hapo hesabu inahamia kwenye injini nyingine na nitakuwa upande wa shemeji. Ikifika huko, aende na fundi wake, wazungushe krenki kwa mkono wasikilize kama inakwama, wafungue kifuniko cha valvu waone kama ndani kuna tope jeusi, watazame plagi zilizomo, na wapime kompresheni hapo hapo dukani kwa stata na betri. Muuzaji anayekataa kipimo ameshajibu swali lako. Namba ya injini isomeke wazi, haijasuguliwa wala kugongwa upya, iandikwe kwenye risiti ya EFD pamoja na makubaliano ya siku za kujaribu. Kadi ya gari lako ina namba ya injini, kwa hiyo injini ikibadilika badiliko hilo lipelekwe TRA. Watu wengi hulipuuza, halafu siku ya kuuza gari au siku askari anapoinama kusoma namba ndiyo wanakumbuka, na kama injini ile iliibwa mahali, maelezo utayatoa wewe.

Wasomaji wenye magari mengine wasichukue jibu hili zima zima. IST, Probox, Raum na Allion ndogo zenye 1NZ-FE zina bloku ya aluminiamu yenye mabomba membamba ya chuma ndani yake, na kiwanda hakikuiandaa kutanuliwa. Injini hizo zimetengenezwa kwa miaka mingi na bado zinaingia kwa wingi. Huko injini ya mtumba iliyopimwa mara nyingi ndiyo njia yenye akili. Wenye injini ya 1ZZ wawe waangalifu zaidi, maana zile za miaka ya mwanzo zina sifa ya kula oili kwa sababu ya pistoni na ringi zilivyoundwa, na ukinunua ya mtumba ya umri ule ule unaweza kuwa umenunua ugonjwa ule ule. Wenye Hiace za dizeli, 3L na 5L, wako upande wako mwalimu: ni chuma, zinafumulika.

Kuhusu kuuza na kununua bodaboda sitasema mengi. Gari linalotoa moshi wa bluu mnunuzi yeyote atalikata bei kwa zaidi ya gharama ya kulitengeneza, na wazazi waliokukabidhi watoto wao hawatawapandisha kwenye bodaboda mbili.

Kabla hujatumia hata shilingi kwenye injini, tafuta kilichoila. Halijachemsha, kwa hiyo mimi namshuku vumbi. Barabara za mitaani Kihonda unazijua. Fungua boksi la kichujio cha hewa, fuata mpira mkubwa unaotoka hapo kwenda kwenye injini, uukunje kwa mkono uone kama una nyufa. Ingiza kidole ndani, upande wa baada ya kichujio. Ukikuta vumbi la mchanga, basi kila kilomita injini imekuwa ikisagwa na unga ule, na itasagwa hata ikiwa mpya, iwe imefumuliwa au imetoka Ilala. Mpira ubadilishwe, klampu zikazwe, kichujio kiwe kile kinachokaa kwenye boksi bila kuacha pengo pembeni. Vichujio vya bei ya chini sana mara nyingi ni vifupi kwa milimita chache, na milimita hizo ndizo njia ya vumbi.

Lingine ni la watoto. Kwenye Noah injini iko chini ya viti vya mbele, na kifuniko chake kina mpira wa kuziba kuzunguka pembeni. Kwa umri wa gari hilo huenda mpira umekauka. Injini inayopumua moshi wa oili chini ya mpira uliokauka inawapumulia watoto walio ndani. Mkague wiki hii, usisubiri likizo, na madirisha yawe wazi kidogo kila safari mpaka kazi ifanyike.

Mpaka shule zifungwe, mdogo wako achomoe kijiti cha oili kila asubuhi kabla ya kuwasha, gari likiwa limesimama tambarare. Injini hii inabeba karibu lita nne tu, kwa hiyo ukipoteza lita moja kwa wiki, wiki mbili za kusahau zinatosha kukausha krenki, na krenki ikikauka ikang'ata metali, bloku ninayokuambia uifumue inaweza isiwe na kitu cha kufumua. Fundi akitaka kumimina oili nzito sana au dawa ya kuzuia moshi, mkatalie. Vitaficha dalili tunazohitaji kuzisoma, na moshi utarudi. Safari za Iringa na Dodoma zisimame kwa sasa.

Mwezi wa sita wape kazi wiki mbili nzima, si siku tatu. Vifaa nunua mwenyewe au mtume shemeji, maana yeye yuko karibu na maduka na kazi hii anaiweza vizuri. Asinunue pistoni wala ringi kabla mkerezaji hajatoa saizi. Fundi mlipe kwa vipande: kidogo akifungua, kidogo bloku ikirudi kutoka kwa mkerezaji, kilichobaki gari likishatembea wiki moja. Vifaa vya zamani vyote akukabidhi kwenye ndoo. Muombe pia akuandikie kompresheni mpya ya silinda zote nne siku ya kukabidhi gari, baada ya injini kupata moto.

Likitoka, kilomita elfu moja za kwanza lisibebe mzigo mzito wala kukimbizwa, na pia lisiendeshwe kwa mwendo mmoja muda mrefu. Panda na kushuka mwendo, ringi zikae mahali pake. Oili na kichujio chake vibadilishwe likifikisha kilomita 500, na tena kwenye 1,000, hata kama oili bado inaonekana safi, kwa sababu inabeba unga wa chuma wa silinda mpya. Harusi za Julai zikodishiwe gari la mwenzako.

Namba za kupima upya, ile ya kawaida na ile ya kijiko cha oili, niandikie zikitoka. Na siku mkerezaji atakapokupa vipenyo vya silinda nne, nitumie kabla shemeji hajalipia pistoni.